Mtu wa Ukutani na Kamba za Katani

Mkiniona pale karibu na stesheni ya Tabora nimemsimamisha mtu wa baiskeli nisiyemjua, nikaanza kushikashika kamba za magunia yake ya mkaa, najua mnachosema. Mnasema mzee Hamisi kaanza tena. Juzi kijana mmoja wa bodaboda, kafunga magodoro manne nyuma, aliniuliza, "Babu, kwani wewe ni trafiki?" Wenzake wakacheka mpaka wakashika matumbo. Na mimi nikacheka. Kisha nikaingiza vidole viwili chini ya kamba yake, vikapita mpaka kwenye fundo bila kuguswa na kitu. Nikamwambia ashuke afunge upya. Alinuna, lakini alifunga.

Leo nawaambia kwa nini. Habari hii ina miaka mingi, na kila nikiikumbuka mwili unanisisimka, utadhani ndiyo kwanza nimeisikia asubuhi hii. Nilikuwa mwanamaji, jamani. Msikodoe macho. Mimi huyu, Mnyamwezi wa Gongoni, mtu wa mji ambao ukitaka kuona maji mengi unapanda baiskeli mpaka bwawa la Igombe, nimetumikia jeshini majini miaka kumi na tisa. Nimekwenda vitani juu ya maji. Na kule vitani sikupiga risasi hata moja, lakini niliumiza mtu.

Tuanze na mambo ya kuchekesha, maana yapo.

Siku ya kwanza kupanda chombo, Dar es Salaam, niliambiwa nikimbie omo, mbele ya chombo. Nikakimbia tezi, nyuma. Hiyo ni sawa na kuambiwa nenda jikoni ukaenda chooni. Nikaitwa, nikakimbia tena, nikakanyaga kamba iliyokuwa inavutwa, nikaanguka kifudifudi mbele ya mkuu wa mafunzo. Halafu nikatapika. Chombo chenyewe, wallahi, kilikuwa bado kimefungwa gatini, hakijaondoka hata hatua moja.

Aliyeniinua alikuwa Sajini Kibwana, Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, mpana, mikono yake migumu kwa chumvi. Aliponiuliza kwetu wapi nikasema Tabora, alipiga makofi. "Kumbe ndiyo maana! Mpagazi umepotea njia. Pembe za ndovu umeziweka wapi?"

Vijana wa siku hizi mkiona makabila mawili yanatukanana mnatoa simu mrekodi ugomvi. Ule haukuwa ugomvi. Wazee wetu Wanyamwezi walishuka pwani na misafara, miezi mitatu kwa miguu, mizigo mabegani, na Wazaramo ndio waliokuwa wenyeji wa mwisho wa njia. Waligombana, wakauguzana, wakazikana, mwisho wakawa watani. Mtani anakuita mpagazi, wewe unamwita mlala ngomani, anakuchukulia kofia yako msibani, unamnyang'anya sahani yake harusini, hakuna kesi. Ukikasirika, umeuvunja utani, na mtu aliyevunja utani watu humwangalia kwa wasiwasi.

Mimi nilikuwa nakasirika. Kwa nje nacheka, moyoni nawaka. Kwa nini? Kwa sababu ya mtu wa ukutani.

Nyumbani kwetu Gongoni, sebuleni, juu ya kiti cha babu, palitundikwa picha ya askari wa zamani wa Mjerumani. Kofia yenye kitambaa cha kuziba shingo, mikanda ya risasi kifuani, bunduki mkononi, jicho kali. Baba alitulea na picha ile. "Huyo ni babu yenu. Sajini. Amepigana vita vya kwanza vya dunia mwanzo mpaka mwisho." Na baba mwenyewe alikwenda vita vya pili, alipigana Bama, huko Asia, chini ya Mwingereza, akarudi na nishani mbili na sikio moja lisilosikia. Siku ya uhuru nilikuwa na miaka minane; baba alizivaa nishani zake, akatusimamisha chini ya picha tupige saluti kabla ya kwenda uwanjani kuona bendera mpya. Kila Ijumaa nikitoka kwenda msikitini nilimpigia saluti yule mtu. Miaka yote. Hivyo nilipokwenda jeshini sikuomba ushauri wa mtu, nilikuwa askari wa tatu wa ukoo.

Babu alikuwa anakaa chini ya ile picha, kimya, anasokota kamba za magome ya miombo. Alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha. Jua likipanda, saa tano au sita hivi, alikuwa anainuka, anazunguka ua mzima anashika kila kilichofungwa. Mzigo wa kuni, shika. Mzinga wa nyuki uliofungwa tayari kupelekwa porini, shika. Vitanda vya kamba vilivyotolewa nje, shika. Anaingiza vidole viwili. Vikipita, anafungua, anafunga upya. Alikuwa anaita kuamsha mzigo. Siku moja aliniita anifundishe. Baba akatoka ndani mbio.

"Baba, usimfundishe mtoto mambo hayo. Mjukuu wa sajini hafungi mizigo. Mizigo ina wenyewe."

Babu alinitazama, akamtazama baba, akarudi kitini kwake. Nami nikaelewa nilivyoelewa: kufunga mizigo ni aibu.

Sasa angalieni ajabu. Mwaka wangu wa kwanza wa mafunzo, Sajini Kibwana alituweka juani na ndoo ya maji na kamba ya katani. Akaichovya ile kamba mpaka ikalowa, akaifunga kati ya nguzo mbili, ikakaza kabisa. "Guseni." Tukagusa, ilikuwa ngumu kama chuma. Akatuacha, tukaenda kula. Alasiri akatuita tena, ile kamba imekauka inaning'inia katikati, mtoto anaweza kubembea. Akasema, "Katani ikinywa maji inafupika, ikikauka inarefuka. Ukifunga mzigo kwenye mvua, jua likipanda uzipitie kamba. Zote. Kwa vidole, usizipitie kwa macho, macho yanadanganya."

Akaingiza vidole viwili.

Nilishtuka, nikawaza, hee, huyu Mzaramo na babu wamekutana wapi? Ikanipitia tu. Sikujiuliza swali ambalo mtoto wa darasa la nne angejiuliza: sajini wa bunduki, yeye mambo ya mizigo kayajulia wapi?

Vita vya Kagera vilipoanza tulitolewa pwani tukapelekwa Mwanza. Ziwa tulilikuta linafanya kazi usiku na mchana. Kila kinachoelea kilibebeshwa. Mimi, koplo sasa, nilipangwa kwenye tishari moja la chuma lenye injini yake, sitaha wazi, refu, zito. Tulilibatiza jina Kobe kwa mwendo wake. Mkubwa wa usukani alikuwa Sajini Kibwana yuleyule. Na kazi niliyopewa mimi, mjukuu wa mtu wa ukutani, ilikuwa nini? Mizigo. Kupanga na kufunga mizigo.

"Amepatikana mwenyewe," Kibwana akasema. "Mpagazi arudi kwenye kazi ya ukoo."

Watu wakacheka. Nikameza.

Chini yangu alikuwepo mwanamaji mmoja wa Ziba, kule Igunga, jina lake Masanja. Mtoto wa wafugaji, mrefu, kuogelea anajua kidogo sana, lakini haogopi kitu. Alikuwa analipigia Kobe mluzi anavyowapigia ng'ombe, na likikwama kwenye gati alikuwa analipigapiga ubavuni na kuliambia, "Twende, dume langu." Kwao Masanja alikuwa mchezaji ngoma wa sifa, wale wa kucheza na majembe, jembe linarushwa juu linadakwa mgongoni. Tukiwa na nafasi alikuwa anachukua koleo la jikoni anatuchezea pale sitahani, miguu yake inagonga chuma, askari wanasahau wanakokwenda. Alikuwa ameahidiwa mchumba na alikuwa anasubiri vita viishe akacheze kwenye harusi yake mwenyewe. Nakumbuka miguu yake zaidi ya uso wake, na hilo ndilo linaloniliza.

Jioni moja ya vuli tulipakia Mwanza kwenye mvua kubwa. Masanduku ya risasi, mapipa ya dizeli, magunia ya unga juu. Kamba za nailoni zilikuwa zimechukuliwa na vyombo vilivyotutangulia. Tulibaki na katani, na katani yenyewe imelowa chapachapa. Nilifunga vizuri, hilo siwezi kujinyima. Kila fundo nililivuta kwa mguu. Alfajiri tukaondoka kuelekea Bukoba, mvua imekatika, na juu ya mzigo wetu tumepewa abiria: askari wa miguu thelathini hivi, wanakwenda mstari wa mbele.

Nilikuwa nawaonea wivu. Wao wana bunduki, wanakwenda kupigana kama mtu wa ukutani, na mimi nina kamba.

Saa nne jua likawa kali, lile jua linalokuja baada ya mvua. Chuma cha sitaha kikaanza kutoa mvuke. Saa tano, Kibwana akatoa kichwa kwenye kibanda cha usukani, akapaza sauti askari wote wakasikia:

"Ewe mpagazi! Jua limepanda! Zipitie kamba zako, au unamsubiri babu yako aje azipitie?"

Askari thelathini wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Kumbe koplo ni mpagazi!" Mwingine akaweka begi lake kichwani akatembea amejipinda, akapita mbele yangu anaimba.

Mtu mwenye akili angejibu, "Nakuja, mlala ngomani, wewe angalia usiturudishe Kisarawe." Wangecheka, ningezipitia kamba, kazi ya robo saa. Sikufanya hivyo. Nilisimama nikajibu kwa sauti ya kijeshi:

"Mimi si mpagazi. Babu yangu alikuwa sajini."

Kicheko kikakatika. Kibwana alinitazama kwa mshangao wa kweli. Mtani hajibiwi hivyo. "Hee," akasema polepole, "mwenzangu umekasirika?"

Nikachukua kikombe changu cha chai nikashuka chini kwenye injini, nikakaa juu ya sanduku la vifaa. Nilinuna. Neno ndilo hilo, sina lingine la kulipamba. Mtu mzima, koplo, vitani, nimenuna kama mtoto aliyenyimwa maandazi. Nikajiambia, nitazipitia nikitaka, nisionekane natumwa na kicheko.

Nikakaa saa nzima.

Upepo ulipokuja haukuwa dhoruba, naapa. Ziwa lile lina upepo wa mchana unaokuja ghafla na kuondoka ghafla, kila mvuvi anaujua. Kobe liliinama kidogo kulia, kama siku zote. Ila safari hii halikuinuka. Nikasikia juu yangu mlio wa mapipa yanakwenda, chuma juu ya chuma, na baada yake mlio wa mtu. Kikombe sijui kilikwenda wapi. Nilipanda ngazi kwa mikono.

Mungu wangu. Mzigo wote wa kushoto ulikuwa umehamia kulia. Kamba nilizozifunga mimi zilikuwa zinaburuzika juu ya masanduku, laini, zimekauka nyeupe kabisa, mafundo yake mazima. Hakuna hata moja iliyokatika! Hilo ndilo lililonipiga na butwaa. Zililegea tu, zikauachia mzigo. Na Masanja alikuwa kati ya mzigo na ukingo wa kulia, amesimama, mapipa mawili na rundo la masanduku vimemkandamiza mguu wa kulia kuanzia pajani kwenda chini.

Kibwana akageuza omo kwenye upepo. Askari walewale waliokuwa wananicheka walitupa masanduku upande wa pili bila kuambiwa. Nilimfikia Masanja nikamshika mabega. Hakulia tena. Alinitazama, uso umepauka, akasema maneno mawili tu.

"Hamisi. Umekuja."

Nikadhani ni maumivu yanaongea. Nikamwambia nyamaza, nyamaza ndugu yangu, tunakutoa. Tulimtoa. Tulipofika Bukoba akapelekwa hospitali, na mguu ukakatwa juu ya goti.

Gatini mkubwa wetu alikuja na karatasi ameegemeza kwenye ubao. Akatuuliza mmoja mmoja, amechoka, ana vyombo vingine vinamsubiri. Alipofika kwangu aliuliza, "Kamba zilipitiwa jua lilipopanda?"

"Zilipitiwa, afande."

Ilinitoka hivyohivyo, rahisi. Sauti yangu mwenyewe ilinishangaza. Kibwana alikuwa amesimama karibu yangu, hata mkono usingetosha kupita kati yetu. Aliangalia viatu vyake. Ikaandikwa wimbi kubwa, na wimbi halina cheo wala jina, halishtakiwi.

Nimefokewa na wakubwa wengi maishani, nimewekwa mahabusu mara moja, nimekatwa cheo mara moja. Hakuna adhabu niliyoisikia mwilini kama hii: tangu siku ile Sajini Kibwana hakunitania tena. Alikuwa ananiita Koplo Hamisi. Kwa adabu. "Koplo Hamisi, lete kamba." "Ahsante, Koplo Hamisi." Tulikaa chombo kimoja mpaka vita vikaisha, na mpaka anastaafu hakuniita mpagazi hata siku moja. Nilikuwa nimepata nilichokitaka.

Nilipopewa likizo nikarudi Tabora, baba aliujaza ua. Majirani wa Gongoni, wazee wa msikitini, watu wa reli aliofanya nao kazi. Pilau ikapikwa, na mjue ilikuwa wakati wa dhiki, mchele na sukari tunapanga foleni duka la ushirika. Baba kavaa nishani zake. Akanisimamisha chini ya picha, akasema, "Vizazi vitatu! Mjerumani, Bama, Kagera! Simulia, mwanangu."

Nikasimulia. Nikaweka wimbi. Wimbi likakua mdomoni mwangu, likawa kubwa kuliko nyumba, nami nikawa nimerukia katikati ya mapipa kumwokoa mwenzangu. Watu wakaguna, wakasema mashaallah. Babu, umri umekwenda sana, alikuwa kitini kwake na kamba yake mapajani. Alipoinua kichwa watu wakanyamaza, maana alikuwa haongei mbele za watu.

"Mzigo mlifunga na kamba gani?"

"Katani, babu."

"Ilikuwa imelowa?"

"Ilikuwa imelowa."

"Jua lilipopanda uliuamsha?"

Mbele ya mkubwa mwenye karatasi nilidanganya bila jasho, lakini kwa babu ulimi ulikataa. Nikaangalia chini. Babu akatikisa kichwa, taratibu, mara mbili. Baba akacheka kicheko cha kufunika mambo. "Baba amechoka, jamani. Karibuni chakula."

"Sijachoka," babu akasema. "Huyu kijana amemvunja mtu kwa sababu yako wewe na mimi. Wageni wale, halafu ninyi wawili mje ndani."

Wageni walipoondoka tukaingia. Babu alinyoosha kidole kwenye ile picha.

"Yule mtu simjui."

Nikasema, "Babu?"

"Simjui. Sijawahi kumwona. Baba yako alikuja naye kutoka Nairobi, vita vyao vilipoisha, akamtundika hapo. Nikamwuliza huyu ni nani, akasema, baba, ni wewe." Akakohoa. "Mimi sikupewa bunduki hata siku moja. Mjerumani alipokuwa anaondoka Tabora alitukamata sokoni, akatuunga kwa kamba moja shingoni, watu ishirini, tusikimbie. Nikabeba masanduku ya risasi mpaka kusini huko, sijui miezi mingapi. Nilikuwa mpagazi. Tuliotoka hapa tulikuwa wengi, tukarudi wachache, na wenzangu hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa na kwa mizigo. Mzigo ukilegea mgongoni kwenye mteremko unamvunja mtu shingo. Ndiyo maana mchana kiongozi wa msafara alikuwa anapita kwa kila mtu na vidole viwili."

Nilikaa chini sakafuni. Miaka ishirini nimempigia saluti mtu asiyejulikana! Nimekataa kazi ya mikono yangu kwa ajili ya picha ya mtu baki! Na shujaa mwenyewe alikuwa chini yake, anasokota kamba, ananyamazishwa.

Nikamgeukia baba. "Ulijua?"

Baba alikuwa analia bila sauti. "Kule Bama kila mtu alikuwa anasimulia baba yake," akasema. "Ningesema nini? Kwamba baba yangu alifungwa kamba shingoni? Nilitaka apewe heshima."

"Nami nikanyamaza nikupe wewe heshima," babu akamjibu. Kisha kwangu, kwa upole: "Mwenzangu, huyo aliyekatwa mguu anajua?"

"Hajui, babu. Anajua ni wimbi."

"Basi nenda."

Nendeni mkaone jinsi neno "nenda" linavyokuwa zito. Nilikaa mwaka mzima sijaenda. Likizo iliyofuata nikapanda basi mpaka Igunga, nikaazima baiskeli kwa mtu, nikaenda Ziba na vipande viwili vya sabuni na kilo ya sukari, vitu vya thamani siku zile. Njia nzima nilikuwa najizoeza maneno. Kijiji kilikuwa cha ujamaa, nyumba zimepangwa kwa mistari kama kambi, na nilipouliza kwa Masanja watoto wakasema, "Yule wa mguu mmoja?" Nusura nigeuze baiskeli.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yake kwenye kigoda, gongo la kutembelea kando, anatengeneza mpini wa jembe. Mchumba aliyemsubiri alikuwa amekuwa mke, ana mtoto mgongoni. Masanja aliponiona alipiga mluzi uleule wa Kobe, akaniamkia kikwao. "Mwangaluka, baharia! Mama, lete maziwa, huyu ndiye Hamisi!" Yule mama akapiga goti kunisalimu, na goti lile lilinichoma.

Sikunywa maziwa. Nikajiambia nikisema na maziwa tumboni nitatapika, kama ile siku ya gatini. Nikamwambia yote nimesimama. Kamba, jua, Kibwana, kicheko, kikombe cha chai. Nikamwambia nililomjibu afande. Nikamwambia hata habari ya mtu wa ukutani. Masanja aliendelea kukwangua mpini wake. Nilipomaliza alipuliza vumbi la mbao, akasema:

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kamba. Nilizigusa mimi mwenyewe, Kibwana alipokuita. Nikaingiza vidole, vikapita. Zilikuwa zimelegea zote za upande wa kushoto."

"Masanja! Sasa kwa nini hukuzikaza? Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa umenuna," akasema. "Ningezikaza mimi, wale askari wangekucheka zaidi. Wangesema mpagazi amefanyiwa kazi na mdogo wake. Nikasema Hamisi akipoa atakuja, namjua. Basi nikaegemea pale kwenye masanduku, nikayazuia na mgongo. Nikakusubiri."

Saa nzima, vijana wangu. Mimi nakunywa chai chini, yeye yuko juu anauzuia mzigo wangu na mgongo wake, ananilindia heshima ya picha ya mtu baki. Na nilipofika aliniambia umekuja. Nililia pale mbele ya mke wake na watoto wa jirani, kilio cha sauti, sikujali. Masanja aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Hakuniambia amenisamehe, wala mimi sikuthubutu kuomba. Alisema tu, "Sasa kunywa maziwa, yatachachuka."

Asubuhi iliyofuata nilipokuwa naondoka, mke wake alinifungia michembe, vile viazi vilivyokaushwa, gunia zima, akalifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba ya katani aliyokuwa ameilowesha ili ikaze vizuri. Masanja akanisindikiza kwa gongo lake mpaka mwisho wa nyumba. Tukasimama sana tunazungumza, habari za ng'ombe, habari za mvua, habari za babu. Jua likapanda. Nikampa mkono, nikapanda baiskeli, nikaenda kama hatua thelathini hivi. Ndipo nikasikia mluzi nyuma yangu, na sauti yake ikipaa juu ya nyumba zote, kwa lafudhi ya Kizaramo aliyoiiga vizuri kabisa:

"Ewe mpagazi! Jua limepanda! Zipitie kamba zako!"

Nikashuka. Nikaegemeza baiskeli pajani, nikaingiza vidole viwili, vikapita.

"Naam!" nikamjibu. "Nakuja!"

Nikafungua, nikafunga upya.